Siku Mtaa Wetu Ulipofunga Peke Yake

Mafuta ya cherehani, mbao kuukuu na vumbi la kahawa: ndiyo harufu iliyotoka kila baba alipofungua kile kisanduku. Mafuta yalikuwa ya mama, na baba aliyachukua tone kwa tone bila ruhusa ili alainishie skrubu za darubini yake. Vumbi la kahawa lilitoka Shimanzi, kwenye maghala, ambako kutwa nzima alipima sakafu na viwanja vya kuwekea makontena. Darubini yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya nyota. Ilikuwa ya kupimia viwanja, ya shaba na chuma, yenye miguu mitatu, na ilikuwa imezeeka hata kampuni ikamwambia aichukue tu nyumbani. Ilikuwa na tabia moja iliyotuchekesha. Kila ulichokitazama kilipinduka: mnara wa msikiti uling'inia kichwa chini, na kunguru wa dari ya jirani walitembea miguu ikiwa juu. Baba alishazoea, akili yake ilivigeuza vitu vyenyewe, nami nilipofika umri wa miaka kumi nilikuwa nimejifunza kuvigeuza kama yeye. Sikumwambia mtu, lakini nilijiona bingwa.

Tulikaa Mji wa Kale, Mombasa, mahali ambapo nyumba zimeegemeana mabega na ukuta mmoja hubeba madari mawili. Kila upande huamini kwamba ukuta ni wake. Ugomvi wa namna hiyo ukizuka mtaani kwetu, aliyeitwa alikuwa baba, Bwana Abu, si wakili. Alifika na utepe wake, akapima, akaandika, akasoma kwa sauti, na maneno yakaisha. Sidhani kwamba wote waliridhika. Lakini hakuna aliyewahi kumkamata ameongeza au amepunguza hata inchi moja, na kwa sababu hiyo walinyamaza. Kitabu chake cha vipimo kilikuwa na sheria ambayo nimeishi nayo hadi leo: hakifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaandika lililo sahihi kando yake, na kosa linaachwa lisomeke. Nilimuuliza siku moja kwa nini asitumie raba kama tunavyofanya shuleni. Akanitazama kama niliyemtukana. "Nikifuta hili," akasema, "mtu atajuaje kwamba sikufuta na jengine?"

Jioni ya mwezi ishirini na tisa Shaaban, kila dari la mtaa lilikuwa na watu. Jua lilikuwa limezama punde tu, mbingu ya magharibi bado ina weupe wake, na mawingu membamba yamelala chini kwa mistari. Wanawake walikuwa wamepandisha viti, wanaume wamekinga nyuso kwa viganja, kila mtu anatafuta mwezi wa Ramadhani na hakuna aliyeona kitu. Mimi nilimsumbua baba alete darubini. Hakuwahi kuielekeza mbinguni hata mara moja, kazi yake ilikuwa ardhini, ila nilimganda mpaka akaona heri aipandishe apumzike nami. Aliisimamisha na, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, akaisawazisha kwa kiputo cha hewa kilicho ndani ya kichupa chake cha maji, ingawa mwezi hauhitaji usawa wowote. Kisha akaniachia. Nikaisogeza polepole juu ya pale jua lilipozama, kulia, kushoto, juu kidogo, na ghafla kikaingia kitu kwenye kioo: cheupe, chembamba, kimepinda, pembe zake zinatazama chini. Nikakigeuza kichwani. Pembe zikatazama juu.

"Baba! Mwezi!"

Akainama kwenye kioo. Alitazama muda wa kusoma Fatiha, kisha akasema taratibu, "Naam. Nauona." Wingu likapita, tukatazama tena, hapakuwa na kitu. Kwa macho matupu hatukuwa tumeona chochote, si kabla wala baada. Lakini sauti yangu ilishavuka madari matatu, na watoto walishaanza kupiga mayowe ya furaha kichochoroni. Haikupita dakika nyingi, Maalim Athman akabisha hodi. Yeye ndiye aliyekuwa imamu wa msikiti wetu na ndiye aliyenifundisha kusoma chuoni, mtu mrefu, mpole, ambaye hakupenda haraka.

"Bwana Abu, umeuona kwa mato yako?"

"Nimeuona kwa mato yangu, Maalim. Kwa kioo."

"Waapa?"

"Wallahi nimeuona."

Akanigeukia mimi. "Nawe Zeituni?" Nilikuwa sijawahi kuulizwa jambo kubwa kama lile mbele ya watu wazima, na nilijibu kwa kifua mbele. Usiku ule msikitini kwetu kulisaliwa tarawehe, na mimi nilimwona baba akirudi nyumbani huku watu wakimshika mkono njia nzima.

Asubuhi redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana na kwamba Shaaban inatimizwa thelathini. Mji mzima ulikula. Maalim Athman alikuwa ameshapokea kiapo cha mtu mwaminifu na hakurudi nyuma, kwa hiyo mtaa wetu ukafunga peke yake. Siku ile ilikuwa ya shule. Nilikaa ukutani mwa shule, Tononoka, wakati wa mapumziko, koo limekauka, nikitazama wenzangu wakila viazi karai na ukwaju, na msichana mmoja wa darasa letu akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama sisi mwezi wetu tunaagizia Shimanzi pamoja na makontena. Walicheka mpaka kengele ikalia. Nilijifariji kwamba jioni mwezi utatoka mnene, wa siku mbili, na wao ndio watakaoona haya.

Jioni mwezi ukatoka. Ulikuwa mwembamba kama uzi, umelala chini kabisa, haukukaa hata nusu saa ukatua. Hapakuwa na bibi kizee Mji wa Kale ambaye hakujua kwamba ule ni mwezi wa usiku mmoja. Kama ni hivyo, jana yake hapakuwa na mwezi. Hakuna aliyetugombeza. Nilitamani wangetugombeza. Watu walipita mbele ya mlango wetu wakitoa salamu kamili, "Masalkheri, Bwana Abu," na macho yao yakiwa ardhini. Aliyesema ni Mzee Swaleh peke yake, jirani yetu wa mkono wa kushoto. Kesho yake baba alikuwa aende kumpimia ukuta uliokuwa ukigombaniwa kati yake na shemeji yake, mjane wa marehemu nduguye. Alisema pale barazani, watu wamejaa: "Mtu aonaye mwezi pasipo mwezi, na ukuta atauona pasipo ukuta. Nitatafuta mwengine."

Baba aliingia ndani. Akaifuta darubini kwa kitambaa, akaitia kisandukuni, akakifunga kwa ufunguo. Halafu akaniita, akafungua kitabu cha vipimo pale nilipokuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, *29 Shaaban, magharibi, mwezi umeandama*, akanipa kalamu. "Piga mstari," akasema. Nikapiga. Sikutumia rula, mstari ukaenda upogo. Kando yake ndipo palipotakiwa kuandikwa lililo sahihi, nasi hatukujua lililo sahihi ni lipi, kwa hiyo pakabaki patupu. Nililala na ule weupe wa karatasi machoni. Sikuwa nimedanganya, na baba hakuwa amedanganya. Kitu tulikiona. Na kama hatungejua ni kitu gani, baba angebaki vile mpaka kufa kwake, Bwana Abu aliyeapa uongo, na mimi ndiye niliyepiga kelele ya kwanza.

Aliyetuokoa ni mama. Mama alikuwa mshona kofia, na watu wa namna hiyo wana macho ambayo hayachoki. Siku ya tatu, baba akiwa bado kazini, alitia mkono kwenye kopo la karafuu, akatoa ufunguo ambao baba aliamini kwamba hakuna ajuaye ulipo. "Mimi sikuona wala sikuapa," akasema, "basi mimi sina haya na mtu. Shika miguu ya darubini tupande." Tulipokwisha kufungua saumu kwa tende tulikuwa darini. Mama alinitaka kwanza nimtafutie mwezi, mwezi wa kweli, ambao sasa ulikuwa juu na kila mtu anauona. Nikauingiza kwenye kioo. Ulijaa kote, pembe zake zikatoka nje, ikawa lazima uisogeze darubini ili uumalize.

"Wenu ulikuwa kadiri gani?" mama akauliza.

"Kama ukucha wa mtoto mchanga."

"Basi haukuwa mwezi."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayesema kofia hii haimtoshi mteja, na mimi nikashika miguu ya darubini niikunje. Lakini hakunyanyuka. Aliigeuza darubini mwenyewe kuelekea chini kidogo, kwenye ile nyota kali ya jioni, Zuhura, ambayo kila mtu mtaani aliijua kwa jina na hakuna aliyewahi kuiuliza swali lolote. Akatulia. "Zeituni," akasema, "ndoo hapa uangalie." Nikaangalia. Ulikuwa pale pale, ule ukucha, mweupe, umepinda, pembe chini. Nililia mpaka kioo kikaingia ukungu, na mama akakifuta kwa ncha ya mtandio wake bila kunikemea.

Tangu jioni ile nikawa nachora. Mama alinipa karatasi zake za kuchorea ruwaza za kofia, ngumu na zenye mistari ya penseli, na kila siku kabla ya kunywa uji nilipanda darini nikachora duara na ndani yake kile nilichokiona. Mwezi ulinenepa kila siku, Zuhura ikakonda. Tena ilikonda huku ikikua: ukucha ulizidi kuwa mrefu na mwembamba, kama unaovutwa pande zote mbili. Mama alizipanga karatasi sakafuni, akapitisha kidole juu yake. "Hii yaja karibu nasi," akasema. Sikumwelewa. Kisha siku moja nikaitafuta chini kabisa kwenye mwanga wa jua lililozama, nikaikosa, kesho yake nikaikosa tena. Ushahidi wangu ulikuwa umetoroka, na Ramadhani haijafika hata katikati.

Baba aliziona karatasi akitafuta soksi. Alichuchumaa pale, akaziangalia moja moja mpaka mwisho, nami nikasimama mlangoni nikingoja hukumu kwa ajili ya ule ufunguo. Alichosema ni maneno mawili tu: "Hukuandika saa." Usiku ule, baada ya tarawehe, aliniomba kitabu changu cha jiografia chenye picha ya sayari zinazolizunguka jua. Akawasha taa ya mafuta mezani, akachukua ndimu jikoni, akaipitisha kuizunguka taa ile huku mimi nimekaa upande wa pili na jicho moja limefumbwa. Ndimu ilipokuwa nyuma ya taa niliiona imeng'aa nzima. Ilipozunguka ikaja mbele, upande wake wa mwanga ukanigeuzia mgongo, ikabaki ncha nyembamba tu, na kwa kuwa ilikuwa karibu nami ikaonekana kubwa. Baba akaenda nayo taratibu, ikapita mbele ya taa, ikapotea kwenye mwangaza. Akaendelea. Ikatoka upande wa pili, nyembamba tena. Alisimama na ndimu mkononi kwa muda, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatabasamu tangu Shaaban.

Kesho yake alifanya jambo ambalo mama aliliita wazimu. Baada ya sala ya alasiri, barazani, mbele ya Maalim Athman na mbele ya Mzee Swaleh, alisema kwamba walichokiona yeye na bintiye ilikuwa Zuhura, kwamba sasa imejificha kwenye jua, na kwamba kabla ya Idi itatokea alfajiri upande wa mashariki, nayo itakuwa imepinda kama mwezi, mgongo wake ukielekea jua. "Umeshaapa mara moja, hakujakutosha?" mama alimwambia usiku. Baba akajibu kwamba safari hii hakuapa, amepima. Lakini niliwasikia wote wawili hawakulala.

Kumi la mwisho likaingia. Kila baada ya daku tulipanda, na mashariki palikuwa na mawingu, au palikuwa peupe hapana kitu. Mzee Swaleh hakukosa kuuliza, kwa adabu yote ya Mombasa: "Vipi, Bwana Abu, mgeni wenu hajawasili?" Siku tatu aliuliza hivyo. Siku ya nne, wanaume wakiwa bado msikitini kwa sala ya alfajiri, mama na mimi tuliiona ikitoka juu ya madari, kali, inatetemeka. Nikaielekezea kioo. Ukucha. Nilishuka ngazi mbili mbili nikakimbia mpaka mlango wa msikiti, na baba aliponiona uso wangu akageuka akamwendea Maalim.

Maalim Athman alipanda ngazi zetu akihema, kanzu ameishika kwa mkono mmoja. Nyuma yake alikuja Mzee Swaleh, ambaye hakualikwa. Nilimweleza Maalim kwamba kioo hupindua, akaniambia, "Nambia tena pole pole, mwanangu, hapa mimi ndiye mwanafunzi." Akainama. Alitazama muda mrefu hata mbingu ikaanza kupata rangi, na alipoinuka macho yalikuwa na maji. "Subhanallah," akasema. "Kumbe nayo huandama."

Siku ile kwenye darsa ya alasiri, ambayo ilisikika kwa spika katika kila nyumba ya mtaa, aliacha alichokuwa akikifundisha. Mama alikuwa ameshika sindano, akaiweka chini. Maalim akasema kwamba Bwana Abu aliwaambia alichokiona, na alichokiona kilikuwepo. Kosa lilikuwa katika jina, na jina hilo alilipokea yeye Maalim kwa mikono miwili, kwa hiyo mwenye kutaka kumlaumu mtu aanze naye. Ile siku waliyoifunga peke yao, wamwombe Mola aipokee kwa nia. Kisha akasema kwamba aliyewaonyesha haya ni binti wa chuo chake, na akalitaja jina langu na la baba yangu, lote, mbele ya mji. Mama alilia kwa sauti. Mimi nilitoka kibarazani nikasimama tu, ili kila apitaye anione.

Kabla ya Idi Mzee Swaleh alikuja kumchukua baba kwa ajili ya ukuta. "Mradi hicho chombo chako kisiupindue," akasema, na huo ndio ulikuwa msamaha wake wote, tukaupokea hivyo hivyo. Alishika mwenyewe ncha ya utepe mwanzo mpaka mwisho. Ukuta ulikutwa ni wa shemeji yake, naye Mzee Swaleh akaukunja utepe akamrudishia baba. Usiku huo baba alinifungulia kitabu kwenye ule ukurasa, akanipa kalamu, na kando ya mstari wangu wa upogo nikaandika: *Zuhura*. Na saa.

Sasa ni mimi ninayefundisha, chuo kikuu, na utafiti wangu ni wa nyota zenye mkia na miezi midogo ya sayari za mbali. Meza yangu iko Buxton, hapa hapa Mombasa, dirisha linatazama nyumba za jirani na nguo zilizoanikwa, na picha zinanifikia kwa mtandao kutoka kwenye darubini zilizojengwa juu ya milima ya nchi nyingine, ambazo kioo chake kimoja tu hakiingii katika chumba tulichokuwa tukilala. Naweza kuona barafu ya nyota-mkia ikigeuka mvuke inapokaribia jua. Naweza kupima mwezi ambao hakuna jicho la mtu litakaloufikia. Na bado kosa ni lile lile la dari letu: tunakiona kitu, furaha inatupanda, tunakimbilia kukipa jina. Si zamani sana mimi na wenzangu tuliona mkia mwembamba kwenye kijiwe cha angani ambacho hakikutakiwa kuwa na mkia. Tulishaanza kupongezana. Ulikuwa ni mwanga uliojirudi ndani ya vioo. Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kuziondoa zile picha zisije zikatuaibisha. Nikamwambia apige mstari mmoja, aache zisomeke. Watu wa vyuo vingine huniamini ninapoandika kwamba nimeona, nami najua uaminifu huo nimeurithi kwa nani. Najivunia, na sioni haya kusema.

Madari ya Mji wa Kale leo yamejaa matangi ya maji na madishi, na taa za bandari zimezifukuza nyota nyingi. Zuhura imebaki, hiyo hakuna taa inayoiweza. Maalim Athman ametangulia mbele ya haki. Baba yuko hai, alhamdulillahi, jicho moja limefanyiwa upasuaji, na nikimpelekea picha za kazi yangu hashangai sana, huuliza tu mistari iliyokatwa iko wapi. Darubini iko kwa mjukuu wa Maalim, Nuru, anayesomesha wasichana katika chuo kile kile. Kila mwaka jioni ya ishirini na tisa Shaaban hupanda nao darini, na simu yangu hulia nikiwa jikoni au njiani, na nyuma ya sauti yake nasikia wasichana wakisukumana wafikie kioo.

"Shangazi," husema, "tumeona kitu. Hatujakipa jina."

Nami kila mwaka humjibu kwa maneno ya baba: andikeni saa.